Kutoka Kigoma hadi Mafia peke yako: tathmini ya treni, boti na kivuko

Kwa anayetaka jibu la haraka: njia hii inafaa, hata kwa mtu anayesafiri peke yake kwa mara ya kwanza, ila kwa sharti moja. Usipange kushuka chombo kimoja na kupanda kingine siku hiyohiyo. Treni ya Kigoma, boti ya Unguja na kivuko cha Mafia, kila kimoja kinafanya kazi yake vizuri kiasi cha kutosha. Safari huharibikia kwenye maungio. Treni imechelewa saa sita, tiketi ya mbele imeshapita, na hakuna mwenzako wa kukaa na mizigo wakati wewe unahangaika dirishani.

Tathmini hii ni ya miezi ya Juni hadi Septemba, na ni ya mtu anayeanzia Kigoma au Tabora akitaka miji ya pwani na visiwa vilivyotulia katika safari moja. Kwetu Kigoma huu ni msimu wa kiangazi. Pwani wanauita kipupwe, na upepo wake ni kusi. Tofauti hiyo ya majina ina maana kubwa, maana mtu wa ziwa anajua mawimbi na anajua upepo, lakini Ziwa Tanganyika, pamoja na kina chake cha mita 1,470, halina kupwa na kujaa. Baharini, kupwa na kujaa ndiko kunakoamua saa ya kuondoka, saa ya kuogelea, na kama utashuka kwenye boti ukiwa mkavu au maji yakiwa kiunoni.

Tuanze na reli. Stesheni ya Kigoma iko mwisho wa Barabara ya Lumumba, hatua chache kutoka bandarini, na reli iliyofika hapo mwaka 1914 bado ni ileile ya upana wa mita moja. Ni njia moja tu, kwa hiyo treni mbili zikitaka kupita, mojawapo lazima isubiri stesheni mpaka mwenzake aingie. Hapo ndipo ucheleweshaji mwingi unapozaliwa, wala si uzembe wa dereva. Sababu nyingine ni mafuriko ya kipande cha Kilosa na Gulwe, ambayo ni ya masika. Kiangazi kinakuondolea hilo, na ndiyo sababu ya kwanza ya kuchagua treni miezi hii.

Kwa msafiri wa peke yake, daraja la pili kulala ndilo bora kuliko yote, na tunalipatia alama nne kati ya tano. Chumba kina vitanda sita, vitatu kila upande, na wanaume huwekwa na wanaume, wanawake na wanawake. Daraja la kwanza lina vitanda viwili tu na utulivu zaidi, lakini ukiwa peke yako maana yake ni kulala na mtu mmoja usiyemjua, mlango umefungwa. Kwenye chumba cha sita kuna macho mengi, na mara nyingi kuna mama au mzee anayekwenda mpaka mwisho wa safari ambaye atakuwa mlinzi wa chumba bila kuombwa. Omba kitanda cha juu. Cha chini ni kiti cha kila mtu mchana kutwa, cha kati hukunjwa asubuhi, lakini cha juu ni chako saa zote, na begi likikaa kichwani kwako liko mbali na dirisha. Dirisha ndilo la kuangaliwa usiku: treni inaposimama kwenye stesheni ndogo, mkono wa nje hufika kirahisi kwenye kitanda cha chini. Funga kioo kabla ya kulala hata kama kuna joto.

Beba maji lita tatu na karatasi za chooni, na chakula cha mlo wa kwanza tu. Vingine vitakufuata dirishani. Migebuka (samaki wa ziwani) ya kukaanga ya kwetu hukaa vizuri siku nzima ikifungwa kwenye karatasi. Ikifungwa kwenye mfuko wa plastiki ingali ya moto hutoa jasho na kuharibika kabla ya Kaliua. Tabora kuna asali, lakini inunue wakati wa kurudi. Saranda, baada ya Manyoni, ndiyo stesheni ya kuku wa kuchoma, na wenye njaa ya kweli huanza kuiulizia tangu Itigi. Weka chenji ya elfu moja moja na elfu mbili mbili mfuko wa shati, maana treni ikishaanza kutembea noti ya elfu kumi hairudi na chenji.

Kuhusu dagaa na mawese ya ndugu wa Dar, hatukatazi, tunaelewa hali halisi. Dagaa wakae kwenye ndoo yenye mfuniko, mawese kwenye dumu lililofungwa kipande cha nailoni chini ya kizibo. Lakini mzigo huo uishie Dar. Kanuni ya msafiri wa peke yake ni begi moja unaloweza kwenda nalo mpaka chooni. Ukiwa na mawili, kila unapotaka kujisaidia, kununua chai au kuuliza ratiba, unamkabidhi mtu usiyemjua nusu ya mali yako.

Sasa Dodoma. Tangu 2024 treni ya umeme ya SGR inafanya safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na kipande hicho ambacho reli ya zamani hukitambaa kwa saa nyingi, SGR hukimaliza kwa saa tatu na nusu hadi nne. Kwa hiyo shuka Dodoma. Zingatia kwamba stesheni ya zamani na stesheni ya SGR ni mbili tofauti, unahitaji bajaji au teksi kati yake, na ukaguzi wa SGR unafanana na wa uwanja wa ndege: kitambulisho, mashine ya mizigo, foleni. Kosa linalorudiwa na wengi ni kukata tiketi ya SGR ya siku ileile ambayo treni ya Kigoma inatakiwa kufika. Ratiba inasema asubuhi, treni inaingia jioni, na SGR haimsubiri mtu. Lala Dodoma usiku mmoja, oga, nyoosha mgongo, ondoka kesho yake. Fedha ya gesti ni ndogo kuliko tiketi mpya. (Mkataba wa SGR ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, ikikamilika, aya hii yote itakuwa historia, na tunaisubiri kwa hamu.)

Je, basi? Basi ni la haraka kuliko treni ya zamani na huondoka kila siku. Tatizo kwa safari hii ni pale linapokushusha: Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, mbali na bahari, mara nyingi usiku wa manane. SGR hukushusha katikati ya jiji, na kutoka hapo hadi gati la boti za Zanzibar ni mwendo mfupi wa bajaji, au wa miguu kama begi ni lile moja. Kwa anayefika Dar peke yake bila mwenyeji, tofauti hiyo peke yake inatosha kuchagua reli.

Boti ya Dar kwenda Unguja ndiyo huduma iliyonyooka kuliko zote katika safari hii. Boti za kasi huchukua karibu saa mbili. Mambo ya kukosea ni matatu. La kwanza ni saa: tiketi imeandikwa 07:00, nayo ni saa moja asubuhi, 09:30 ni saa tatu na nusu. Kuna watu wanaofika saa tisa na nusu mchana wakiwa na tiketi iliyokwishapita. La pili ni wapiga debe wa nje ya geti wanaosema ofisi imefungwa au tiketi zimeisha. Pita, nenda dirishani mwenyewe na kitambulisho cha taifa, ulipe nauli ya mkazi kwa shilingi. La tatu ni kusi.

Kusi linatoka kusini. Ukienda Unguja boti inaelekea kaskazini, wimbi linaisukuma kwa nyuma, na wengi hufika wakisema bahari ni shwari. Wakirudi Dar, boti inakwenda kulikabili wimbi lilelile uso kwa uso, na ndipo mifuko ya kutapikia inapogawiwa. Kata tiketi ya kurudi ya asubuhi, kabla upepo wa mchana haujakolea, na ukae chini, nyuma, katikati ya boti, ambako mtikiso ni mdogo. Vidonge vya promethazine, dawa ya kuzuia kichefuchefu, vinafanya kazi hiyo vizuri vikinywewa nusu saa hadi saa moja kabla. Ukisubiri mpaka tumbo lianze kuzunguka umechelewa. Vinaleta usingizi mzito, kwa hiyo pitisha mkanda wa begi mguuni kabla hujasinzia.

Kuna jambo hapa ambalo si la starehe. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, meli ya Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar. Mwaka mmoja kabla yake, Septemba 2011, Spice Islander ilizama ikielekea Pemba. Watu wengi sana walipotea. Kwa hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, usitafute chombo kidogo mbadala kwa sababu kikubwa kimeahirisha. Lala ulipo. Siku mbili za akiba kwenye ratiba ni kwa ajili ya asubuhi kama hiyo, na msafiri wa peke yake hana wa kumwambia "tusiende", inabidi ajiambie mwenyewe.

Unguja tunapendekeza usiku tatu, zote Mji Mkongwe. Mji huu uliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000 na ndio mji wa pwani unaomfaa mtu wa peke yake kuliko mwingine wowote: unatembea kwa miguu, unapotea vichochoroni na unatokea baharini. Forodhani, bustani ya pwani yenye vyakula, usiku ni pa kuona zaidi kuliko kula; urojo wa mchana wa mitaani ni mtamu zaidi na bei yake ni ya wenyeji. Julai na Agosti wageni kutoka nje ni wengi na vyumba vya Mji Mkongwe hupanda bei na kutajwa kwa dola, hivyo uliza ng'ambo ya Darajani, kuelekea Michenzani na Kikwajuni. Ufukweni nenda urudi kwa daladala, namba 116 ya Nungwi au 309 ya Jambiani. Pwani ya mashariki kipindi cha kusi hupigwa upepo moja kwa moja na mwani hujaa mchangani. Nungwi, iliyoko ncha ya kaskazini, hukingwa zaidi. Ila Nungwi si mahali pa utulivu, na kama ulitoka Kigoma ukitafuta kisiwa kimya, usiishie hapo.

Kisiwa kimya ni Mafia. Hapa ndipo safari inapolipa, na ndipo inapohitaji akili zaidi.

Rudi Dar, lala, kisha alfajiri uende Mbagala Rangi Tatu. Magari ya Nyamisati hutoka huko, yanafuata barabara ya kusini kupita Kibiti hadi Bungu, halafu yanakata kushoto kwenda pwani kwa kipande cha kilomita 40 hivi. Nyamisati ni bandari ndogo ndani ya mikoko ya delta ya Rufiji, na maji ya mkondo ule hupungua sana yakipwa. Ndiyo maana saa ya kuondoka haitabiriki kama ya boti za Unguja. Piga simu au uliza Mbagala jana yake, si asubuhi ileile. Panda kivuko cha serikali au boti iliyosajiliwa yenye orodha ya abiria na jaketi za kuokolea zinazoonekana kwa macho. Mashua za mizigo bado zipo na nauli yake ni ya kuvutia; wakati wa kusi tunasema hapana bila kuzungusha. Kuvuka hadi Kilindoni hesabu saa tatu hadi nne, na ukishatoka kwenye mikoko chombo kinaanza kucheza.

Kilindoni ndio mji: soko, benki, maduka ya dawa, gesti za bei ya kawaida. Toa fedha taslimu hapa, za siku zote, kabla ya kwenda popote. Upande wa kusini, kuanzia Utende na Ghuba ya Chole, ni hifadhi ya bahari, ya kwanza nchini, iliyoanza 1995, na kuingia kuna ada ya kila siku. Mkazi hulipa kidogo kuliko mgeni, ila lazima uonyeshe kitambulisho, na malipo ni ya serikali, yenye namba ya malipo na risiti. Tunza risiti, utaulizwa tena. Ukitaka kuokoa, lala Kilindoni na uingie hifadhini siku mbili tu zilizopangwa vizuri.

Kupanga vizuri maana yake ni kusoma maji. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi mpya na mwezi mpevu huleta bamvua, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa hufikia mita tatu na zaidi. Katikati yake kuna maji mafu, tofauti ndogo. Simama Utende wakati wa bamvua maji yakiwa yamejaa: mashua zinaelea karibu na mitende na unapanda kama daladala. Rudi baada ya saa sita. Bahari imekwenda mbali, mashua zimelala ubavu kwenye tope, akina mama wanaokota pweza kwenye mawe, na kufika chombo kilipo lazima utembee juu ya matumbawe yenye shokomzoba, wanyama wa duara wenye miiba. Viatu vya plastiki vya kufunga nyuma ni lazima. Ndala hubaki kwenye tope. Muulize nahodha jambo moja tu: "Tutarudi na maji gani?" Jibu lake ndilo ratiba yako ya siku.

Vuka uende Chole, uone magofu yaliyoshikwa na mizizi ya miti na popo wakubwa wanaoning'inia mchana kweupe. Juani, ng'ambo yake, kuna magofu ya mji wa Kua, na miezi hii ndiyo watoto wa kasa huanguliwa upande wa bahari kuu. Usije kwa ajili ya papa potwe, wale papa wakubwa mno; hao ni wa Oktoba hadi Machi, na yeyote anayekuahidi potwe mwezi wa Julai anakuuzia mafuta ya mashua tu.

Hapo kwenye mashua ndipo msafiri wa peke yake anapoumia. Bei ni ya chombo, si ya kichwa. Wanne wakigawana ni nafuu, mmoja akilipa yote ni bei ya usiku kadhaa wa gesti. Dawa yake ni kwenda jioni penye mashua au ofisi ya hifadhi na kuuliza nani anavuka kesho. Ukienda Chole tu, panda mashua ya wanakijiji, ulipe kama wao. Na kisiwani salamu ndiyo kitambulisho cha kwanza: shikamoo kwa kila mkubwa, hodi kabla ya kupita uani kwa watu, kanga au msuli juu ya nguo za kuogelea. Mwanamke anayetembea peke yake na kusalimu hivyo huulizwa ametoka wapi, na akisema Kigoma mazungumzo yanahamia kwenye dagaa.

Usiku nne Mafia zinatosha. Bahari ikichafuka kuna ndege ndogo za kwenda Dar, zaidi kidogo ya nusu saa angani, kwa hiyo nauli yake iwe kwenye simu tangu unatoka nyumbani, isiguswe.

Wengi hurudi Dar kisha wanashuka tena Kilwa. Hakuna haja. Ukitoka Nyamisati shuka Bungu, njia panda, na usubiri mabasi ya Kilwa na Lindi. Ubaya wake ni kwamba mengi hufika yamejaa na unaweza kusimama mpaka Somanga. Kwa Kilwa Masoko yenyewe, shuka Nangurukuru upate gari dogo. Kibali cha Kilwa Kisiwani hukatwa Masoko, siku moja kabla ikiwezekana, na mashua ya kuvuka ni ileile hesabu ya chombo kizima. Msikiti Mkuu, Gereza (ngome ya kale) na Husuni Kubwa (jumba la sultani) huhitaji nusu siku, asubuhi, maana kutoka gatini hadi Husuni Kubwa ni mwendo na kivuli ni kidogo. Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331, na magofu haya yamekuwa Urithi wa Dunia tangu 1981, lakini asubuhi ya katikati ya wiki huenda ukawa mgeni pekee pale.

Ukijumlisha yote, kuanzia usiku wa treni hadi usiku wa Kilwa na kurudi, ni siku 17, na siku 2 za akiba juu yake. Mwachie mtu mmoja nyumbani ratiba iliyoandikwa, na umtumie ujumbe kila unapofika, hasa kabla ya kuvuka maji. Kurudi Kigoma, hapo basi linashinda: hakuna tena cha kuunganisha. Lala karibu na Mbezi Luis usiku wa mwisho, maana mabasi hutoka alfajiri, na unapokata tiketi omba kiti cha upande wa kushoto. Miezi hii jua linapita kaskazini, na kwa gari linaloelekea magharibi, upande wa kulia ndio unaoungua siku nzima.